Meru ya Ngaramtoni si Meru ya Momella

Mwambie mtoto wa Ngaramtoni achore Mlima Meru, atakuchorea pembetatu: kilele kimoja kilichochongoka, wingu kiunoni, mahindi na migomba miguuni. Mwambie mwenzake wa Momella, upande wa pili, achore mlima huohuo. Huyu, kama anachora anachokiona kila asubuhi badala ya kile alichokiona kitabuni, hatakuletea pembetatu. Atachora bakuli lililobomoka upande mmoja, kuta zake za mwamba zimesimama wima, na ndani yake kilima cha majivu. Wote wawili wamepatia. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulimeguka ukaporomoka hadi nyikani, kwa hiyo anayeutazama kutoka mjini Arusha anauona mgongo, na anayeutazama kutoka Momella analiona tumbo likiwa wazi. Mara ya mwisho mlima huo kutema majivu ilikuwa mwaka 1910, Mjerumani akiwa bado yuko Boma pale mjini.

Sasa wachukue watoto wa darasa la tano, wape ukuta wa nyuma wa darasa lao na mchoraji mmoja mwenye subira, kisha uwaambie: leo tunachora mlima wetu. Meru ipi? Ya huku au ya kule? Nani amewahi kufika upande wa pili akauona? Ubishi utakaozuka hapo ni somo la jiografia ambalo hakuna aliyelitangaza, na brashi bado haijachovywa kwenye kopo.

Kuta za shule zetu hazijakosa picha. Pita Sakina, Sombetini, Moshono au Usa River uangalie shule za awali: Mickey Mouse yupo, twiga yupo, herufi zipo kuanzia A hadi Z, na mara nyingi herufi A imekabidhiwa tufaha, mbele ya watoto waliolijua parachichi kabla hawajajua kusema. Kwenye shule za msingi za serikali utakuta ramani ya Tanzania, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, jedwali la kuzidisha. Walimu huyaita madarasa yanayoongea. Tangu mkazo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, uliporudishwa kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, wazo hilo limepata nguvu, nami sina ugomvi nalo. Ukuta unafundisha hata mwalimu akiwa kikaoni. Shule isiyo na vitabu vya kutosha inapata kitabu kimoja kikubwa kisichochanika wala kuibwa.

Ila ukuta wa aina hiyo unaongea tu, hausikilizi. Fundi rangi anaitwa wakati wa likizo, anaonyeshwa picha ya kunakili kwenye simu, na shule ikifunguliwa watoto wanakuta kazi imekwisha. Wataitazama siku mbili tatu, halafu hawataiona tena, kama wasivyoliona dirisha. Ninachokitetea hapa ni kitu kingine: ukuta ambao watoto wenyewe wameupima, wameubishania, wameuchora na kuupaka, msanii akiwa kando yao kama mwalimu wa zamu. Huenda twiga akatoka na shingo iliyopinda. Si neno.

Tena kufundisha kwa ukuta hakukuletwa hapa na mradi. Ukishika barabara ya Babati kwenda kusini utafika Kondoa, kwenye michoro ya miambani ambayo Mary Leakey aliishughulikia mwaka 1951 kwa kuinakili mwamba baada ya mwamba, na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Usukumani, vyama vya wacheza nyoka vilikuwa na nyumba zao zilizochorwa nyoka na mambo ya chama kwenye kuta. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliziandikia kitabu kizima mwaka 1953. Na hapahapa petu, kwa Wamasai na ndugu zao Waarusha, ngao ya morani ilibeba sirata, alama zilizopakwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na aliyejua kuzisoma alimtambua mwenye ngao ni wa rika gani na anatoka wapi. Kijana aliyekuwa akijifunza kuzipaka alikuwa akijifunza pia historia ya watu wake. Hakuna aliyekuwa amempa daftari.

Jirani yetu wa Marangu, Elimo Njau, alilielewa jambo hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kijana aliyetoka Makerere, alichora picha tano kubwa ndani ya kanisa la Murang'a nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Yesu wa Njau ni Mwafrika, na nchi iliyo nyuma yake ni vilima vya Wakikuyu. Muumini aliyeingia kusali alikuta habari za Bethlehemu zimehamia kwenye shamba analolipita kila siku. Baadaye Njau akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, mwaka 1965, na akajulikana kwa onyo lake kwa wasanii wachanga: wasinakili, kwa sababu kunakili humlaza Mungu usingizi. Natamani onyo hilo lingebandikwa juu ya kila Mickey Mouse wa Sombetini.

Anayetaka kuona kuta zilizoishi na wanafunzi kwa muda mrefu katika ukanda huu wa Meru, ashike barabara ya Moshi, apite Tengeru na Usa River, aulize njia ya Imbaseni. Huko ndiko walikojenga Pete O'Neal na mkewe Charlotte Hill O'Neal. Pete alikuwa mwenyekiti wa tawi la Kansas City, Marekani, la chama cha Weusi cha Black Panther. Chama hicho kilitangazwa kwa bunduki zake, lakini sehemu kubwa ya kazi yake mitaani ilikuwa kuwaandalia watoto wa maskini kifungua kinywa kabla ya shule. Mwaka 1970 Pete alitiwa hatiani kwa kosa la kusafirisha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine; yeye na Charlotte wakaondoka nchini, wakapitia Sweden na Algeria, na mwaka 1972 wakaingia Tanzania. Mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii cha United African Alliance, ambako vijana wa vijiji vya jirani wamekuwa wakijifunza Kiingereza, kompyuta, muziki na uchoraji, na ambako baadaye watoto wenye uhitaji walipata makao. Charlotte, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mama C, ni mchoraji, mshairi na mpigaji wa nyatiti.

Kuta za kituo hicho zimejaa picha, na hilo lina asili yake. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, kundi la wasanii Weusi wa Chicago lilichukua ukuta wa jengo lililochakaa katika mtaa wa watu wa hali ya chini, likauchora sura za wanamuziki, waandishi na wanamichezo Weusi ambao vitabu vya shule vya wakati ule viliwaruka. Ukaitwa Wall of Respect, yaani Ukuta wa Heshima. Jengo lenyewe halikudumu miaka mingi, lakini kutoka hapo michoro ya ukutani ilienea miji mingi ya Marekani, na kwa Weusi wa kizazi kile ukuta ukawa gazeti lisilohitaji kununuliwa. Mtu aliyetoka kwenye utamaduni huo akijenga kituo chini ya Meru, haziachi kuta zikiwa nyeupe. Kwangu mimi funzo la Imbaseni si mashujaa waliochorwa pale. Ni kwamba uchoraji umewekwa kwenye orodha moja na kompyuta na Kiingereza, haukuachwa uwe burudani ya Ijumaa baada ya masomo ya maana kwisha.

Maana hesabu imo humohumo. Chukua ukuta wenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Watoto hawaanzi na rangi, wanaanza na karatasi ya manila. Ukuta unapunguzwa mara kumi: karatasi ya sentimita 60 kwa 30. Karatasi inagawanywa miraba ya sentimita 2, ukuta unagawanywa miraba ya sentimita 20, na kote kuwili inatoka miraba ileile 450. Ukutani mistari inapigwa kwa uzi uliopakwa unga wa chaki: mtoto mmoja anashika ncha hii, wa pili ncha ile, wa tatu anauvuta katikati na kuuachia. Fundi mwashi wa mtaani akija na timazi na pima maji, watagundua kwamba sakafu ya darasa lao imelala upande na kwamba kuufuata mstari wa sakafu kungeuinamisha mlima. Uwiano, ambao kwenye daftari ni nukta mbili zilizokaa kati ya namba, hapa una uzito: ukikosea milimita 3 kwenye karatasi, ukutani umekosea sentimita 3, na kila anayepita anaona.

Nami napenda namba hiyo ya 450 kwa sababu nyingine. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, na kila mpango mzuri wa elimu hufia kwenye swali la wingi wa watoto. Darasa la watoto 90, na yapo, likigawana ukuta huu, kila mmoja anapata miraba mitano. Hakuna anayebaki kushika ndoo tu. Lakini mraba wangu hauwezi kukamilika bila wako: mteremko wa mlima unapotoka kwangu lazima uingie kwako palepale nilipouachia, la sivyo Meru itakatika. Mtoto asiyeongea darasani atalazimika kumgeukia jirani yake na kusema, huo mstari wako umepanda mno. Mwalimu anayejua kazi yake atakaa kimya wakati huo.

Halafu ije rangi. Eneo ni mita 18 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, na ukuta unataka mikono miwili. Kokotoa: kopo la lita 4 linatosha kwa rangi ya chini, na chenji yake inabaki. Baada ya hapo makopo madogo matano yanatosha: bluu, njano, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kijani kisinunuliwe. Mtoto wa mteremko wa Meru anaishi ndani ya kijani: cha mgomba, cha mbuni, cha mahindi machanga, cha msitu wa juu ambao kwa mbali hugeuka kuwa karibu bluu. Akitafuta kijani cha mgomba kwa kijiko kimoja cha njano na nusu ya bluu, akakikosa, akaandika vipimo na kujaribu tena, amefanya jaribio la sayansi kama lile la maabara, tena shule nyingi hazina maabara.

Hapo pana jambo la kusimamia bila mzaha. Rangi za mafuta zinapendwa kwa sababu zinang'aa na kustahimili kufutwa kwa kitambaa, lakini uchunguzi wa shirika la AGENDA la hapa nchini umewahi kukuta madini ya risasi katika rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Mikononi mwa watoto iwe rangi ya maji. Ukuta wa zamani uliopakwa mafuta usipigwe msasa na watoto, maana vumbi lake ndilo baya zaidi. Hiyo iwe kazi ya fundi, darasa likiwa tupu, na vumbi likusanywe kwa maji. Na lipu mpya iachwe ikauke wiki kadhaa. Magamba na ungaunga mweupe unaouona chini ya kuta nyingi za Arusha ni unyevu na chumvi vikitafuta njia ya kutoka.

Kuhusu kitakachochorwa, ningependa watoto wapewe nafasi ya kuchagua vibaya kwanza. Orodha ya kwanza itakuwa simba, ndege, mpira na gari la Polisi. Iandikwe ubaoni yote. Msanii ndiye atakayeuliza swali la pili: ni kitu gani kipo hapa kwetu na hakipo Dodoma? Hapo ndipo majibu yanapoanza kutoka. Atakayekumbuka meno atakuwepo, kwa sababu maji ya mteremko huu yana floridi nyingi inayotokana na mawe ya volkano, na watoto wengi wa Arumeru meno yao yana rangi ya kahawia. Serikali ina kituo Ngurdoto cha kutafuta njia za kuipunguza floridi hiyo, kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Uchore mkondo mzima, kutoka mvua ya kileleni, kupitia mwamba, hadi bombani na kinywani: somo la sayansi limekaa ukutani, na mtoto aliyekuwa akificha mdomo anapocheka anajua sasa kwamba yaliyompata yana sababu na jina.

Au achorwe Kirilo Japhet. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo alisafiri hadi New York kuwasilisha kilio chao Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama pale. Safari hiyo ni ya kuchorwa. Lakini ukitaka kuichora, maswali hayaishi: nyumba zilizochomwa zilikuwa za umbo gani? Watu walibeba nini? Ng'ombe walipita njia ipi? Kitabu cha darasa hakina nafasi ya kuyajibu. Mtoto atatumwa nyumbani akamuulize bibi, na bibi, ambaye kwa miaka hakuna aliyemwona kuwa msomi, anageuka kuwa rejea. Akiletwa shuleni kutazama mchoro wa penseli na kusema hapana, mlango haukuwa upande huo, mraba unafutwa na kuchorwa upya.

Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, wiki chache tu baada ya Azimio lililopitishwa katika mji huu, kwenye jumba ambalo leo ni makumbusho pale Kaloleni. Aliitaka shule isitenganishe mkono na akili. Sisi tukaipokea kwa jembe: shamba la shule, banda la kuku, kuchota maji ya mwalimu. Hatukufika kwenye brashi. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake katika shule ya msingi, na hiyo ni hatua. Lakini walimu wengi hawakufundishwa kuchora wao wenyewe, na katika kipindi kinachobeba sanaa na michezo kwa pamoja, shule yenye mpira mmoja itacheza mpira.

Msanii ndiye wa kuziba pengo hilo, na Arusha haina njaa ya wasanii. Wapo wanaowauzia watalii turubai za mkondo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Wapo wanaoandika mabango ya saluni na kupamba vifodi vya abiria na bajaji. Hawa wa mabango ndio ningewaita kwanza, kwa sababu kukuza picha ndogo kuwa kubwa ndiyo riziki yao. Walipwe, tena kwa makubaliano yaliyoandikwa na kamati ya shule. Fundi bomba halipwi kwa asante, sijui kwa nini mchoraji alipwe hivyo.

Kuna kazi moja ambayo wengi wao itawashinda mwanzoni: kuacha. Jioni, watoto wakishaondoka, mkono utawasha kuinyoosha ile shingo ya twiga. Msanii akiinyoosha, kesho yake mtoto aliyeichora ataijua mara moja, na hatagusa tena mraba wowote. Ugonjwa huohuo wanao baadhi ya wageni wanaojitolea, wanaokuja kwa majuma mawili na picha waliyoichagua wakiwa kwao, wakaimaliza wenyewe na kuwaachia watoto nafasi ya kugonga viganja vyenye rangi pembeni. Nia ni njema. Lakini wamesafiri mbali kuja kujifunza somo ambalo lilikuwa la watoto, na jina linaloandikwa kwa herufi kubwa chini ya mchoro ni la mfadhili.

Majira nayo yana neno lake. Masika ya Machi hadi Mei yaachwe yapite. Juni na Julai ukungu wa Meru hufanya rangi ya asubuhi iwe bado mbichi saa nane. Karatasi ya manila, mabishano, kwenda kwa bibi na kupiga miraba vinaweza kuchukua miezi hiyo ya baridi yote, na rangi ikapakwa Agosti jua likirudi. Nikiulizwa ni wapi shule zinakosea zaidi, nitasema ni hapo: zinaharakisha miezi ile ambayo watoto hawajashika rangi.

Na mchoro usiachwe milele. Baada ya miaka kadhaa migongo ya watoto itakuwa imekwangua nusu ya chini, unyevu umekula pembe, na waliouchora wamekwenda sekondari. Kwa darasa jipya, ule ni ukuta waliokutana nao, hauna tofauti na ule wa likizo. Kuna walimu watakaosikitika, na kamati ya shule itasema ni kupoteza fedha. Mimi ningeupiga picha, kisha ningewaachia wanaomaliza waupake chokaa kwa mikono yao kabla ya kuondoka. Karatasi ya manila yenye miraba yake ikunjwe iwekwe kwenye kabati la mwalimu mkuu, pamoja na daftari la vipimo vya rangi: vijiko vingapi vya njano, nusu ngapi ya bluu. Watoto wa darasa linalofuata watayataka makosa hayo, ili wafanye ya kwao.